Kupanda Ben A'an: njia fupi, mwinuko mkali

Ben A'an, katika eneo la Trossachs huko Uskoti, ina kimo cha mita 454 tu, na kwenda na kurudi ni takribani kilomita 4. Namba hizo zinadanganya, maana karibu mita 350 za kupanda zimebanwa ndani ya kilomita 2. Tenga saa mbili na nusu. Ukiwa na watoto, tatu.

Anzia kwenye maegesho ya barabara ya A821, upande wa magharibi wa ziwa Loch Achray. Maegesho yanalipiwa, na wikendi ya jua hujaa mapema. Yakiwa yamejaa, usiache gari pembeni mwa barabara: ni nyembamba, na gari la wagonjwa litakosa pa kupita.

Vuka barabara, na mlima unaanza hapohapo. Mita mia chache za mwanzo ndizo zinazowamaliza wanaoanza kwa kasi, kwa hiyo tembea mwendo unaokuruhusu kuongea. Hapa palikuwa na shamba la miti ya mbao iliyokatwa kwa sababu ya ugonjwa, ndiyo maana utaona visiki na miti michanga. Ukishavuka kijito kwa daraja, njia inalainika, kisha kilele chenye ncha kinajitokeza mbele.

Ukikiona utadhani itabidi uparamie mwamba. La. Njia inapanda kwa ngazi za mawe kando ya kijito, inazunguka nyuma ya kilele, kisha inakufikisha juu kwa upande usio mkali. Upande wa kusini ni majabali matupu, mahali pa wapanda miamba wenye kamba. Ukungu ukishuka, usisogelee upande huo hata kwa picha.

Juu, Loch Katrine imenyooka kuelekea magharibi, Loch Achray iko chini yako kusini-mashariki, na ng'ambo ni Ben Venue, mita 729. Maji ya Loch Katrine yananywewa Glasgow tangu 1859. Kusema kweli Ben A'an si mlima kamili, ni bega la mlima Meall Gainmheich, lakini mandhari yake inaishinda milima mingi mirefu zaidi.

Kushuka ndiko kunakovunja vifundo vya miguu. Mawe ya ngazi yakilowa huteleza, na magoti yamekwisha kuchoka. Vaa buti zenye soli ya meno, weka unyayo mzima juu ya jiwe, na usikatize pembeni ya ngazi. Njia za mkato ndizo zinazomomonyoa udongo.

Beba koti la mvua, sweta, maji lita moja na ramani ya karatasi, kwa kuwa mtandao wa simu hauaminiki. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, hivyo chukua tochi ya kichwani. Ukiumia, piga 999, omba polisi, kisha waokoaji wa milimani.

Kuanzia Mei hadi Septemba kuna usubi, hasa upepo ukitulia. Paka dawa ya kufukuza wadudu. Kupe ni hatari zaidi. Vaa suruali ndefu, na ukirudi kagua nyuma ya magoti, kinena na kwapa. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumminya. Wekundu ukitanda mahali hapo katika wiki zinazofuata, nenda kwa daktari umweleze kwamba uliumwa na kupe.