Frekansi linganishi: tuhesabu mizigo ya tshukudu

Shika daftari, simama karibu na mzunguko wa Tshukudu hapa Goma, uandike kila tshukudu (kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, cha kusukuma) inayopita imebeba nini. Tuseme zimepita 24: makala 9, viazi 7, mbao 5, kabichi 3. (Namba nimezitunga kwa ajili ya somo.)

Hatua ya 1. Unapohesabu, piga vijiti: vinne vimesimama, cha tano kinavikata. Tshukudu iliyoshika mteremko haimngojei mwenye kalamu.

Hatua ya 2. Tafuta jumla: 9 + 7 + 5 + 3 = 24.

Hatua ya 3. Gawa kila idadi kwa jumla hiyo; jibu ndilo frekansi linganishi, yaani sehemu ya mzigo huo katika jumla yote. Makala 9 ÷ 24 = 0,375. Viazi 0,2917, mbao 0,2083, kabichi 0,125. Ukitaka asilimia, zidisha kwa 100: 37,5, 29,2, 20,8, 12,5.

Hatua ya 4. Jumlisha majibu yote. Lazima upate 1, au 100%.

Wengi huandika asilimia peke yake na kuificha ile 24. Tabia hiyo siipendi kabisa. Katika data ndogo hivi, tshukudu moja tu ina uzito wa zaidi ya 4%. Andika "37,5%, yaani 9 kati ya 24", msomaji ajipimie mwenyewe.

Maswali ya wanachama

— Mwalimu, mimi nimepata 1,01. Nimekosea wapi?
Hujakosea. Umebakiza tarakimu mbili tu baada ya mkato: 0,38 + 0,29 + 0,21 + 0,13. Ongeza tarakimu, au andika chini ya jedwali kwamba umekadiria.

— Na tshukudu yenye makala na mbao pamoja?
Amua kabla ya kuanza. Iweke kwenye mzigo ulio mwingi, au fungua safu ya "mchanganyiko". Ukiihesabu pande mbili huku ukigawa kwa idadi ya tshukudu zilizopita, jumla itapita 1, na hapo si suala la kukadiria tena.

— Rafiki yangu alihesabu 40, makala 13. Kwake makala ni mengi zaidi, sivyo?
Kwa idadi, ndiyo. Kwa frekansi, hapana: 13 ÷ 40 = 0,325, chini ya 0,375 yetu. Lakini usikimbilie kutangaza tofauti. Kama mbili kati ya zile 9 zingebeba viazi, tungebaki na 7 ÷ 24, karibu 0,29, na yeye ndiye angekuwa juu. Rudini wote wawili barabarani, siku nyingine, mhesabu nyingi zaidi.