Empakaai kwa siku moja: mambo ya kuzingatia kabla hujaondoka Mwanza

Milima mingi hukupima asubuhi, ungali na nguvu. Empakaai hukupima mwishoni. Gari linakuacha juu kwenye ukingo wa kreta, halafu unashuka kwa miguu karibu mita 300 kupitia msituni mpaka ziwani. Kushuka ni kama saa moja, kivuli kipo, watu wanapiga soga. Baadaye jua limeshapita utosini, maji yamepungua chupani na mapaja yameanza kutetemeka, ndipo unageuka kupanda njia ileile. Hakuna njia nyingine wala gari litakalokufuata chini. Kwa hiyo kila ninachokiandika hapa, kuanzia soli ya kiatu mpaka hesabu ya maji, nimekipima kwa ile saa ya mwisho ya kupanda.

Kwa asiyeifahamu, Empakaai ipo kwenye nyanda za juu za Ngorongoro, kaskazini-mashariki mwa ile kreta kubwa tuliyoisoma shuleni. Ni shimo lililobaki baada ya mlima wa volkano kutitia, upana wake kama kilomita 6, na karibu nusu ya sakafu yake imefunikwa na ziwa la magadi lenye kina cha kama mita 80. Sisi wa Mwanza tumezaliwa tukiliona ziwa, tunalioga na kulila, na nilidhani ziwa jingine haliwezi kunishangaza. Lakini lile lililozungukwa na kuta za msitu pande zote, na ukungu unaofunguka taratibu kama pazia mpaka rangi ya maji ionekane chini kabisa, lilininyamazisha. Siku ikiwa safi, ukiwa ukingoni unaona pia Ol Doinyo Lengai, volkano ambayo bado iko hai.

Kwanza hesabu ya siku. Matembezi ni ya siku moja, safari si ya siku moja. Kutoka Mwanza tunapita Magu na Lamadi, tunaingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, tunavuka hifadhi hadi lango la Naabi, ndipo Ngorongoro. Ndani ya Serengeti mwendo wa mwisho ni kilomita 50 kwa saa na usiku hakuna kuendesha, kwa hiyo anayekwambia utatoka Nyakato alfajiri ushuke Empakaai siku hiyohiyo anakudanganya. Panga siku tatu, nne ukiweza. Kumbuka pia unapita katika hifadhi mbili, kila moja na malipo yake. Lipa mapema kwa namba ya kumbukumbu, uchapishe risiti, usitegemee simu yenye asilimia tano ya chaji getini.

Jambo la pili la karatasi ni askari. Huruhusiwi kushuka bila askari wa wanyamapori mwenye silaha, na ana sababu ya kuwepo: msitu ule una nyati. Mwombe mapema kupitia mamlaka ya hifadhi au wakala wako wa safari, ujue mtamchukua wapi. Mara nyingi ni pale Nainokanoka, njiani. Kundi lililofika bila kupanga linaweza kupoteza asubuhi nzima likisubiri, na asubuhi iliyopotea unailipa jioni kwenye mpando.

Msimu usiuchezee. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni kukavu, na Juni mpaka Agosti baridi yake ni kali. Machi hadi Mei sishauri kabisa. Barabara ya kwenda juu inageuka utelezi, na njia ya kushukia ni udongo na mizizi.

Sasa baridi, maana hapa ndipo watu wa ziwani tunapokosea zaidi. Uso wa Ziwa Victoria upo kama mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Ukingo wa Empakaai, sehemu yake ya juu kabisa, unapita mita 3,200. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 na zaidi kidogo kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo ukitoka Kirumba na fulana ya mazoezi utashuka garini ukitetemeka. Usinunue kitu kipya cha bei mbaya. Nenda soko la mitumba la Mlango Mmoja siku ya kufungua mabelo, tafuta sweta la sufu au la manyoya mepesi ya kutengenezwa, na koti lisilopitisha upepo. Pamba iache nyumbani. Ikilowa jasho wakati wa kupanda haikauki, na ukifika juu penye upepo inakunyonya joto lote lililobaki. Koti la mvua tafuta kwa wanaowauzia wavuvi pale Mwaloni, soko la samaki. Ni zito kidogo, lakini limetengenezwa kwa mtu anayelala kwenye maji. Nguo za bluu iliyokolea na nyeusi usivae siku ya kupita Serengeti, maana mbung'o wa upande wa magharibi wanazifuata rangi hizo na wanang'ata mpaka juu ya suruali.

Viatu ndivyo nitakavyokaa navyo zaidi, kwa sababu nimeona kilichotokea. Safari yangu ya kwanza, rafiki yetu mmoja alikuwa na buti zuri la mtumba, ngozi inang'aa, soli nene. Tukiwa njiani kupanda, kama theluthi moja imebaki, tukasikia kitu kinapiga kofi kila anapokanyaga. Soli ilikuwa imeachia mbele yote, imening'inia kama ulimi wa mbwa. Tuliifunga kwa kamba ya begi, ikashika hatua ishirini, ikaachia tena. Alimalizia akikanyaga kwa kisigino, ameshika bega la mwenzake, na mwendo wetu wote ukawa wa kwake. Askari alikuwa anaangalia jua, hasemi kitu. Tulifika garini giza likiingia.

Buti likikaa miaka stoo kabla ya kuja kwetu, gundi hukauka na soli ya povu huoza kwa ndani hata kama halijavaliwa. Kwa macho hulioni tatizo. Liloweke kwenye ndoo usiku mmoja, asubuhi likunje kwa nguvu mara hamsini, uangalie kwenye maungio. Ukiona mstari mweupe au punje zinapukutika, liache. Likiwa zima, bado lipeleke kwa fundi. Mimi nilimpelekea mzee mmoja anayekaa chini ya mwembe karibu na kwetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hili gundi yake nzuri, unataka nini tena?"

"Nataka ulishone kuzunguka soli yote. Naenda nalo mlimani."

Aliligeuza, akaligonga kwa kidole, akaniambia nilivae hapohapo nisimame kwa vidole. Kidole gumba kiligusa mbele. Akasema kulishona atalishona, lakini kwenye kushuka litaniua kucha, nitafute la namba moja zaidi na soksi nene. Alikuwa na haki. Kwenye mteremko mguu wote unasogea mbele, na kiatu kinachokutosha vizuri sokoni kinakuwa kidogo msituni. Nilibadilisha, akashona kwa uzi wa nailoni, na buti hilo ninalo mpaka leo. Livae nyumbani na kazini wiki mbili kabla.

Mazoezi hayahitaji ukumbi. Mwanza Mungu ametupa mawe. Chagua ngazi za vilima vya Mabatini, Igogo au Bugando, panda na kushuka kwa saa moja mara tatu kwa wiki, mwezi mmoja kabla, ukiwa na begi lenye chupa mbili za lita moja na nusu mgongoni. Usilizembee zoezi la kushuka. Kushuka ndiko kunakovunja mapaja, na ukifika ziwani na mapaja yaliyovunjika ndiyo hayohayo yatakayokupandisha. Shuka polepole, magoti yamekunjwa kidogo, bila kurukaruka. Fimbo moja imara inasaidia sana, na ya mwitu inatosha. Mwenye presha, pumu au mjamzito aongee na daktari kwanza, na dawa zake azibebe mwenyewe begani, si kwenye begi la mwingine.

Maji: lita tatu kila mtu, bila mjadala. Ya Empakaai ni magadi, hayanyweki. Lita moja ya hizo tatu haiguswi mpaka mnaanza kupanda. Pakiti moja ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini ichanganywe kwenye lita hiyo. Ukikosa pakiti, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa lita moja ya maji safi vinafanya kazi hiyo. Maumivu ya kichwa huko juu yanaweza kuwa ya kukosa maji, na yanaweza kuwa ya mwinuko. Mtu akianza kutapika au kuongea kama amelewa, hashuki ziwani, anateremshwa kwa gari kwenda sehemu ya chini.

Chakula tunacho cha kwetu kinachozidi biskuti zote. Matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, hayaharibiki, hayapondeki, na yanatoa nguvu taratibu ukiyatafuna njiani. Changanya na karanga za kukaanga zenye chumvi. Dagaa waacheni kwenye gari, harufu yao msituni si jambo jema. Vyote fungeni kwenye vyombo vyenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea imekatazwa nchini tangu Juni 2019, na huko kila mlichoingia nacho mtatoka nacho, maganda na karatasi za chooni pia.

Msituni ni mstari mmoja, askari mbele, sauti chini, hakuna anayebaki nyuma kupiga picha. Akiinua mkono, simameni. Akisema rudini, rudini bila kuuliza. Kuna upupu pembeni mwa njia, kwa hiyo suruali ndefu. Chini ufukweni usikimbilie heroe walioko majini. Udongo pale una ganda jeupe linaloonekana gumu, ukilikanyaga linapasuka na mguu unazama kwenye tope zito lenye harufu kali ya magadi.

Pangeni saa ya kugeuka mkiwa bado juu, akili zimetulia. Sisi tunasema saa saba mchana, hata kama ndiyo kwanza tumekaa. Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasorobo, na ndani ya kreta kivuli cha ukuta kinatangulia kabla ya hapo. Tochi ya kichwani kila mtu awe nayo na betri mpya. Anayepanda polepole zaidi ndiye anayetembea nyuma ya askari na kuweka mwendo, wengine wote wanafuata nyuma yake. Garini juu acheni chupa ya chai ya moto, sweta kavu na soksi kavu za kila mtu.

Chini ya kreta simu haishiki, na 112 haitakusaidia kama hakuna mnara. Kwa hiyo kabla ya kuondoka Mwanza mwandikie mtu mmoja, mtu anayepokea simu, majina yenu wote, namba ya gari, njia mtakayopita, mahali mtakapolala, na saa ambayo asipowasikia aanze kupiga simu hifadhini. Mimi namwachia dada yangu wa Pasiansi. Jioni ile ya soli tulifika penye mtandao saa tatu usiku, na saa niliyompa ilikuwa saa mbili. Simu yake iliita mara moja tu akapokea, ameshaandika namba za hifadhi kwenye karatasi.