Kuacha vidonge vya ekstasi: wiki za mwanzo

Ekstasi, yaani MDMA, hufanya ubongo umwage serotonini, kemikali ya hisia njema, kwa wingi ndani ya saa chache. Ndiyo maana aliyemeza Ijumaa usiku disko Malindi hulemewa Jumapili au Jumatatu: huzuni, hasira, taya zinauma, chakula hakipiti. Wengi hurudia kidonge hapo hapo, wasipate raha ile, kwa kuwa akiba ya serotonini haijarudi; wakizidisha, mwili huchemka.

Mwambie mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini, ufute namba ya muuzaji. Jioni za Ijumaa na Jumamosi zipangie shughuli mapema, mbali na wenzako wa vidonge. Lala saa ile ile kila siku. Uji mwepesi na samaki vitapita hata bila hamu. Miraa ya kufukuza uchovu iache, inakula usingizi. Tramadol, dawa ya maumivu, usiiguse kabisa: ikikutana na ekstasi huweza kuleta degedege.

Dawa maalumu ya kuacha ekstasi hakuna. Methadoni ni ya heroini, usiipangie foleni. Kinachosaidia ni ushauri nasaha wa mara kwa mara; piga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Daktari akitaka kukuandikia dawa za huzuni, mtajie kila ulichomeza.

Huzuni ikipita wiki mbili, nenda hospitali; ukiwaza kujiua, nenda leo leo, usiende peke yako.

Aliyemeza akipata joto kali, akichanganyikiwa au kuanguka degedege, mpelekeni hospitali mara moja huku mkimpoza kwa kitambaa chenye maji. Msimnyweshe maji kwa wingi: huzimua chumvi ya damu, ubongo ukavimba.