Gitaa la umeme la toleo la maadhimisho: angalia nini kabla hujatoa hela

Toleo la maadhimisho ni gitaa ambalo kampuni imelitoa kusherehekea miaka fulani, 25, 40, 50 na kuendelea, na mara nyingi bei yake inakuwa imepaa kuliko ndugu yake wa kawaida anayening'inia pembeni dukani. Swali ni kwamba hiyo hela ya ziada unalipia mbao na ufundi au unalipia kile kibati chenye namba? Maana kuna matoleo ambayo kweli ni gitaa jingine kabisa, na kuna mengine ni lile lile la kila siku limevalishwa nishani. Kuyatenganisha sio kazi ngumu ila ujue pa kuangalia, na mi huwa naanza na hesabu kabla hata ya kushika gitaa lenyewe.

Hesabu ni hii: ni miaka ya nani? Chukua Fender, watengeneza magitaa wa Marekani. Kampuni ni ya 1946, gitaa lao la Stratocaster likatoka 1954. Kwa hiyo Stratocaster yenye alama ya miaka 60 inaweza kuwa ya 2006, hapo ilikuwa besidei ya kampuni, au ya 2014, ambapo Stratocaster yenyewe ndo ilitimiza 60, na katikati hapo 2011 Telecaster, gitaa jingine la Fender, nayo ikafanyiwa sherehe yake ya 60. Alama inafanana, gitaa tofauti, bei tofauti. Gibson, kampuni nyingine ya Marekani, nao ndo kabisa, gitaa lao la Les Paul lilianza 1952 lakini ile ya 1959 ndo wapiga gitaa wanaililia, basi ina sherehe zake peke yake, 2009 miaka 50 na 2019 miaka 60, yaani mwaka mmoja wa utengenezaji una besidei yake! Muuzaji akikwambia "hii ni ya miaka 50" muulize miaka 50 ya nini, jibu lake litakuonyesha kama anajua anachouza.

Halafu uliza yalitoka mangapi. Mwaka 1994 Custom Shop ya Fender, karakana yao ya magitaa maalumu, walitoa Stratocaster ya miaka 40 wakaishia gitaa 1,954, namba ile ile ya mwaka ilipozaliwa, hapo unaelewa ukomo uko wapi. Sasa linganisha na Gibson 2014, kampuni ilikuwa inatimiza miaka 120 na Les Paul za Marekani za mwaka ule zikawekwa utepe wa miaka 120 kwenye freti (vile vichuma vya shingoni) ya 12, mwaka mzima. Ni gitaa zuri, sina ugomvi nalo, ila mtu akikuuzia kwa bei ya kitu adimu kwa sababu ya ule utepe anakuchezea, ule utepe unakwambia mwaka tu. Na sio kila toleo la sherehe lilikuwa la kifahari. Gretsch, kampuni ya 1883, walipotimiza miaka 75 mwaka 1958 walitoa gitaa linaloitwa Anniversary ambalo lilikuwa la bei nafuu na halina mbwembwe nyingi kama kaka zake, watu wakalipenda na likaendelea kuuzwa miaka na miaka baada ya sherehe kuisha.

Mfano wa kuusoma kwa makini ni Stratocaster ya miaka 25 ya mwaka 1979. Ina neno Anniversary limeandikwa kwenye pembe ya juu ya bodi, siriali namba inaanza na 25, na shingo imeshikwa kwa skrubu nne wakati Stratocaster za kawaida za miaka ile zilikuwa na tatu. Hiyo skrubu ya nne ndo kitu cha maana pale, mabadiliko ya kweli kwenye muundo, maana watu walikuwa wanalalamikia shingo ya skrubu tatu kucheza. Za kwanza zilipakwa nyeupe ya lulu, rangi ikaanza kupasuka, kampuni ikahamia rangi ya fedha, ndo maana nyingi unazoziona ni za fedha. Kwa hiyo ukikuta nyeupe yenye nyufa nyufa usikimbie, na ukikuta nyeupe inang'aa haina hata mkwaruzo hapo sasa uliza maswali, inawezekana imepakwa upya.

Haya tuje kwenye kukagua. Kibati cha nyuma, pale shingo inapofungwa kwenye bodi, ndo ushahidi dhaifu kuliko wote japo ndo watu wanaukimbilia, kinashikwa na skrubu nne na bisibisi inakitoa chini ya dakika mbili, na vibati vyenye maandishi ya sherehe vinauzwa peke yake mtandaoni. Alama ngumu kuhamisha ni zile zilizoingia ndani ya mbao, mfano Les Paul Custom ya 1974 iliyotolewa kwa miaka 20 ina maandishi yamepachikwa kwenye freti ya 15, hiyo huwezi kuichomoa ukapachika kwingine bila kuacha kovu. Kama shingo ni ya skrubu mwombe muuzaji aifungue au akutumie picha ya kisigino cha shingo na ya kile kishimo inapokaa, viwanda vingi vinagonga mhuri au kuandika tarehe pale, ulinganishe na siriali na cheti. Akikataa kabisa bila sababu, mi naondoka.

Rangi. Matoleo mengi ya gharama yanarudisha vanishi ya nitro, nyembamba, inayozeeka na kugeuka njano, badala ya ile ngumu ya plastiki ya gitaa za kawaida. Chukua ile taa ya kukagulia noti, zima taa za chumbani, mulika bodi yote taratibu. Nitro iliyozeeka inatoa mwanga wa kijani njano hivi, na sehemu iliyoguswa upya inajitokeza kama baka la rangi nyingine, hasa kwenye maungio ya shingo na kichwa, palipovunjika pakaunganishwa.

Pikapu, yaani zile sumaku chini ya nyuzi, ndo sauti yenyewe na ndo zinaongoza kubadilishwa. Kama gitaa halitumii betri unaweza kuzipima bila kufungua kitu, chomeka waya wa gitaa, upande wa pili usiweke kwenye ampu, fungua volyumu na toni mpaka mwisho, weka multimita (kile kipimo cha umeme) kwenye omu, ncha moja iguse kichwa cha jeki na nyingine iguse shina lake, halafu chagua pikapu moja moja. Za Stratocaster za mtindo wa zamani zinasoma kama kilo-omu 5.5 mpaka 6.5, zile pacha (zenye koili mbili) za Les Paul za mtindo wa 1959 kama 7 mpaka 8.5. Ukisoma 14 kwenye gitaa linalojidai ni la mtindo wa 1954 kuna mtu kaingiza mkono. Isiposoma kabisa inawezekana waya umekatika ndani.

Shingo usiisahau, gitaa la kumbukumbu lenye shingo iliyopinda ni pambo. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, chungulia karibu na ya 7, pawe na kauwazi kadogo kama unene wa kadi. Pakiwa pakubwa muulize kama ile fimbo ya chuma ya ndani bado inazunguka.

Kama lengo lako ni kupiga na sio kutunza kabatini, angalia matoleo ya sherehe ya ngazi ya chini, Squier, chapa ya bei nafuu ya Fender, walitoa ya miaka 40 mwaka 2022 na kampuni ya PRS huwa wanatoa ya SE, laini yao ya bei nafuu, pembeni ya zile za Marekani, mfano miaka 25 yao 2010. Unapata rangi na nakshi ambazo za kawaida hazina kwa nyongeza ndogo. Binafsi naona hapo ndo thamani ilipo kwa mpigaji. Upande wa pili kuna mambo kama Ibanez JEM ya miaka 20 ya 2007, bodi ya akriliki inapitisha mwanga na ndani ina taa, hiyo ni ya jukwaa na picha, nunua ukijua hivyo.

Ukishanunua, keisi, cheti, vitambulisho vya karatasi na hata mfuko wa funguo vyote vinabaki na gitaa, vikipotea bei inashuka siku ya kuuza. Gitaa la nitro usiliegemeze kwenye stendi ya mpira siku nyingi, mpira unaweza kuila vanishi ikabaki alama, funga kitambaa cha pamba. Ukitaka kubadilisha pikapu badilisha, ni lako, ila za asili zifungie kwenye mfuko uweke ndani ya keisi na usimruhusu fundi apanue shimo la mbao ili mpya ziingie, tafuta zenye saizi ile ile.