Kupima nguvu za nyonga bila kudanganywa na nambari

Wanafunzi wa fiziotherapia wanaokuja kwangu hapa Kisumu hupenda sana dinamomita ya mkononi, kifaa kidogo cha kupima nguvu za msuli. Kipimo kikipanda kutoka nyutoni 120 hadi 135, tayari mgonjwa kashapewa hongera. Polepole kwanza.

Tuseme unapima msuli wa kando ya nyonga, ule unaotanua mguu. Mlaze mgonjwa ubavu, mguu wa kupimwa ukiwa juu. Shika tepu, pima sentimita 5 juu ya fundo la nje la mguu, tia alama kwa kalamu. Usikadirie kwa macho. Kutoka nyonga hadi alama kukiwa na sentimita 80, ukipandisha kifaa sentimita 4 tu, kipimo kitaongezeka kama asilimia 5 na msuli ni ule ule.

Halafu funga kifaa kwa mkanda mgumu uliozungushwa kitandani. Mwanafunzi mwembamba akimzuia mchezaji wa raga kwa mikono, anayepimwa ni mwanafunzi. Leso haifai, fundo linateleza.

Jaribio la kwanza ni la kuzoea, usiliandike. Baada ya hapo asukume mara tatu, kila mara akiongeza nguvu taratibu na kushikilia sekunde 5, apumzike nusu dakika, uchukue wastani. Ukimhimiza leo kwa sauti kubwa, mhimize vivyo hivyo siku nyingine. Muulize pia kama anaumia, maana maumivu hupunguza nguvu.

Na utazame vidole vya mguu! Mama mmoja muuza samaki wa Dunga alisukuma ajabu, kumbe kiuno kimelala nyuma, vidole vinatazama dari, misuli ya mbele inamsaidia. Nikamwambia, "Mama, kitovu kitazame ukuta." Kipimo kikashuka, nami nikaandika hicho kilichoshuka.

Sasa hesabu. Pima kundi la watu wasio katika matibabu siku mbili tofauti, mpimaji mmoja. Tafuta mkengeuko sanifu (kadiri namba zinavyotawanyika) wa tofauti ya kila mtu kati ya siku hizo mbili, zidisha kwa 1.96. Ukipata nyutoni 22, badiliko lililo chini ya hapo laweza kuwa kuyumba kwa vipimo tu, kwa hiyo ile 15 ya hongera haijathibitisha kitu.

ICC, ile namba ya kuonyesha jinsi vipimo vya kurudia vinavyokubaliana, peke yake isikulevye. Changanya nyanya wa miaka 80 na mwanariadha wa Eldoret, itang'aa kwa sababu watu hao wanatofautiana mno, hata kama vipimo vyako vinayumba.

Ukienda likizo, pimeni mgonjwa pamoja na mwenzako kabla hujamwachia faili, mwone kama vipimo vyenu vinalingana.