Mnataka kutoa rimiksi za albamu yenu ya shugezi? Msianze kwa kutuma mp3 WhatsApp

Juzi pale Mikindani, huku Mtwara, dogo mmoja kaniuliza tena, wana bendi yao, albamu imeisha, ni shugezi, yale magitaa mazito yenye mwangwi mpaka sauti ya muimbaji inazamia humo humo, sasa wanataka watoe na rimiksi, yaani nyimbo zile zile zilizotengenezwa upya, hawajui waanzie wapi. Naandika hapa nisirudie rudie.

Kwanza msione aibu eti rimiksi ni za watu wa disko. Huu muziki ulianzia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 80, jina lenyewe ni utani, wapigaji walikuwa wanainamia pedali zao, vile vidude vya miguuni vya kubadili sauti ya gitaa, kama wanakagua viatu. My Bloody Valentine, hao hao wa Loveless ya 1991, wimbo wao Soon alipewa DJ Andrew Weatherall mwaka 1990 akauwekea biti la kuchezeka kabisa.

Kuchagua wimbo: usichukue ule mnaoupenda, chukua wenye kitu kimoja kinachosimama peke yake. Zima vyote, acha gitaa moja au sauti tupu, sikiliza kwa spika ya simu. Kama bado kuna kitu, huo huo.

Sasa mafaili, hapa ndo wengi wanafeli. Kila chombo kiwe na faili lake, WAV ya 24 bit (faili la sauti lisilobanwa, sio mp3), na yote yaanzie sekunde sifuri ya wimbo hata kama gitaa linaingia dakika ya tatu. Mimi niliwahi kukata kimya cha mwanzo ili nibane MB, mshkaji wangu wa Lindi akapanga mafaili akakuta sauti inawahi ngoma, akajua ndo staili yetu, akatengeneza rimiksi nzima hivyo hivyo. Nikashindwa kumwambia (na ilikuwa nzuri kuliko yetu, ndo kinachouma).

Halafu mwangwi. Ukimpa mtu gitaa lililokwisha pakwa fazi (ule mkwaruzo mzito) na mwangwi ni sawa na kumpelekea samaki wa kupaka ukamwambia akukaangie, haiwezekani, ile haitoki tena. Ila kwenye shugezi ule mwangwi ndo wimbo wenyewe, kwa hiyo mpe yote mawili, gitaa kavu na lile lenye madoido yake. Na majina yaeleweke, gitaa_kulia_kavu_100bpm (bpm ni kasi, mapigo kwa dakika), sio "audio 17 mwisho kabisa". Volyumu ya mafaili msiipandishe mpaka juu, mtengeneza rimiksi muachieni nafasi ya kufanya kazi.

Hesabu ya bando: WAV hiyo ya stereo, 48 kHz, inakula kama MB 17 kwa dakika, wimbo wa dakika 5 wenye mafaili 8 ni karibu MB 700. Mkigeuza FLAC inapungua bila kuharibu sauti. Au weka kwenye flashi, mkabidhi kondakta wa basi la Dar, kesho imefika.

Nani wa kumpa? Msiwape watu watatu wenye staili moja. Mmoja awe mtu wa singeli, ule muziki wa mbio, na siri ni kwamba wimbo wenu wa 100 bpm akiuzidisha mara mbili unakuwa 200, anakimbia bila kunyoosha nyoosha sauti. Mwingine mwambie atoe ngoma zote. Rimiksi ya tatu urudieni wimbo ninyi wenyewe, gitaa moja barazani Shangani jioni, ila upepo ukivuma funika maiki na soksi.

Kabla ya yote andikianeni, hata karatasi ya daftari, kwamba huyu mtengeneza rimiksi analipwa mara moja au ana asilimia, na wimbo ukienda kusajiliwa COSOTA, wale wa hakimiliki, jina lake linakaa wapi. Dogo akaniambia "lakini yule ni mshkaji wetu kaka". Hasa huyo!

Rimiksi zikirudi msizitoe siku hiyo hiyo. Mwombeni bodaboda au bajaji mwenye spika azipige kutoka Bima mpaka sokoni, ile ambayo abiria anauliza "nani huyu" ndo itangulie.