Safari ya Farasi Huanzia Bandani

Wengi wanaoniita kumtazama farasi aliyezidiwa njiani huanza na neno lilelile: "Lakini asubuhi alikuwa mzima." Nikiuliza mapigo yake ya moyo asubuhi hiyo yalikuwa mangapi, kimya. Ndoo ya maji ya usiku ilibaki kiasi gani? Wanatazamana. Kumbe uzima wenyewe ni kwamba alikuwa amesimama kwa miguu minne.

Ushauri huu ni kwenu mnaofuga farasi wa kupanda na mnaopenda kutoka na marafiki, farasi watatu wanne kwa mstari, kupita njia za msituni na milimani. Safari hizo zinamfaa mnyama pia, kwani farasi ni wa kundi na hutembea kwa furaha akiona wenzake mbele. Ila njia ndefu humwumbua mwenye farasi asiyemjua farasi wake.

Mjue akiwa ametulia

Chukua daftari. Kwa wiki moja, kila asubuhi kabla hujampa chochote, mpime. Kwa mapigo ya moyo, weka vidole viwili upande wa ndani wa mfupa wa taya ya chini, tafuta mshipa unaoteleza chini ya ngozi kama kamba ya kiatu, hesabu sekunde 15 kisha zidisha kwa 4. Farasi mkubwa aliyetulia huwa kati ya 28 na 44 kwa dakika. Kwa pumzi, tazama ubavu unavyopanda na kushuka: mara 8 hadi 16 kwa dakika. Joto la mwili liwe kati ya nyuzi 37.2 na 38.3. Kipimajoto kipakwe mafuta na kifungwe uzi kisije kikapotelea ndani, nawe usimame ubavuni pake, si nyuma. Kisha bonyeza ufizi kwa kidole gumba. Weupe unaobaki urudi kuwa waridi ndani ya sekunde 2.

Mipaka hiyo ni ya farasi kwa jumla. Wewe unatafuta ya kwako. Niliwahi kuwa na jike ambaye mapigo yake yalikuwa 32 siku zote, unaweza kurekebishia saa. Asubuhi moja nikapata 44. Kwa kipimo cha jumla bado alikuwa mzima. Kwa daftari lake, hapana. Niliahirisha safari, marafiki wakaninung'unikia, na kabla ya saa sita mchana alikuwa anachimba ardhi kwa kwato na kugeuka kutazama ubavu wake. Msokoto wa tumbo. Daktari wa mifugo alimwahi.

Farasi hawezi kutapika. Kikishaingia, lazima kipite. Tumbo lake ni dogo kwa mwili wake, lita 8 hadi 15 tu, na linatoa tindikali saa zote, ale asile. Ndiyo maana chakula chake ni majani, kidogo kidogo, mchana na usiku. Kadiria nyasi kavu za asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa siku. Kama huna mzani, tumia utepe: pima mzingo wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kuanzia ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzingo kwa mzingo, halafu kwa urefu, ugawe kwa 11,880. Mzingo wa 180 na urefu wa 165 hukupa kilo 450. Huyo atahitaji kilo 7 hadi 9 za nyasi kavu. Nafaka ni nyongeza ya mnyama anayefanya kazi, isizidi kilo 2 kwa mlo mmoja, na ukibadilisha chakula badilisha polepole kwa siku 7 hadi 10. Chumvi ya kulamba iwepo daima. Maji lita 20 hadi 40 kwa siku, na zaidi kukiwa na joto au kazi.

Kwato ni kila siku, si siku ya safari. Chokoa kutoka kisigino kwenda mbele, usije ukachoma ile sehemu laini yenye umbo la pembetatu katikati ya wayo. Halafu nusa. Ndiyo, nusa! Kwato zinazooza zina harufu ambayo ukiijua huisahau, na utaipata siku kadhaa kabla mnyama hajaanza kuchechemea. Fundi wa kwato aje kila wiki 6 hadi 8. Chanjo ya pepopunda isikosekane, maana farasi ni mwepesi sana kupata ugonjwa huo kwa kidonda kidogo tu cha msumari. Meno yakaguliwe mara moja kwa mwaka.

Tandiko na uzito

Mpandaji na tandiko lake, pamoja na mizigo, wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Kwa yule wa kilo 450, mwisho ni 90. Kikundini hapa ndipo urafiki unapoleta taabu, kwani mtu mzito hupewa farasi mpole badala ya farasi mkubwa.

Kosa moja ni langu mwenyewe. Nilimwazima rafiki tandiko langu kwa sababu lake lilikuwa limekatika mkanda. Tuliporudi, mgongo wa farasi wake wote ulikuwa umelowa jasho, isipokuwa sehemu mbili kavu, kila moja kubwa kama kiganja, pande mbili za uti wa mgongo. Tukaona ni jambo la kuchekesha. Miezi michache baadaye nywele nyeupe ziliota palepale. Pakavu katikati ya jasho ni mahali tandiko limekandamiza hadi damu na jasho vikashindwa kupita. Tangu siku hiyo, tandiko haliazimwi bila kujaribiwa: liweke bila kitambaa, pitisha mkono chini yake kuanzia mbele hadi nyuma, na lisiguse uti wa mgongo popote.

Mkiwa njiani

Asitoke na njaa. Mpe nyasi kidogo kabla ya kutandika. Zile nyasi hufunika tindikali isirukie sehemu ya juu ya tumbo anapokimbia. Nafaka aile saa mbili au zaidi kabla.

Dakika 10 hadi 15 za kwanza ni za kutembea tu. Baada ya hapo matiti, yaani mwendo wa kukimbia polepole, yanatosha, na shoti, yaani mbio, iwe pale njia ni pana, kavu, na kila mmoja amekubali. Mwendo wa kikundi ni wa farasi dhaifu kuliko wote au mpandaji mgeni kuliko wote. Nimeona wenye farasi wazuri wakikasirishwa na sharti hili, lakini ukimwacha mmoja nyuma, farasi wake atapagawa kuwafuata, na mpandaji ndiye atakayeanguka. Acheni nafasi ya urefu wa farasi mmoja kati yenu. Anayepiga mateke afungwe utepe mwekundu mkiani na akae mwisho. Mkifika mtoni, asiondoke yeyote hadi wa mwisho amalize kunywa. Farasi akiona wenzake wanaondoka ataacha maji.

Kufunga farasi: tumia kamba ya kichwani, kamwe usitumie hatamu, kwani akivuta, lijamu (kile chuma cha mdomoni) litamchana mdomo. Fundo liwe la kufunguka kwa kuvuta mara moja.

Mkisimama kupumzika, pima mapigo. Kwenye mashindano ya masafa marefu farasi haruhusiwi kuendelea hadi yashuke kufikia 64 au chini yake. Nanyi tumieni kipimo hichohicho. Yakikataa kushuka baada ya dakika 15 hadi 20 za kivulini, safari ya farasi huyo imekwisha. Mwenyewe ashuke, amwongoze kwa miguu.

Kuna imani ya zamani kwamba farasi mwenye jasho asipewe maji, atapata msokoto. Mpe. Anywe akiwa bado na joto, kiu ikiwa bado ipo, kisha mtembeze. Mmwagie maji mwili mzima, tena na tena, hadi kifua kipoe mkononi.

Kilomita ya mwisho itembeeni pole. Nyumbani, toa tandiko, tazama jasho lilivyokaa, pitisha kiganja kwenye kano za miguu ukitafuta joto au uvimbe. Usilale kabla hujaona amekula na amekunya.

Asubuhi inayofuata mtoe sehemu ngumu iliyonyooka, rafiki amwendeshe matiti hatua ishirini kwenda na kurudi, wewe ukitazama kichwa tu. Mguu wa mbele ukiuma, kichwa kitapanda kila ule mguu unapokanyaga.